Nilimfanyia Mzaha Mgahawani, Sasa Mke Wangu Hataki Kula Nami

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukiona nastahili kukaripiwa basi nikaripie kwanza ndipo unisaidie, maana nimelibeba jambo hili tangu majira ya baridi na sina wa kumweleza, aliyekuwa akiyasikia mambo yangu yote ni mke wangu, na safari hii jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nafanya kazi kampuni ya bima hapa Kolkata, naishi Behala na mke wangu Shefali, na binti yetu Mithu yuko chuoni Bardhaman. Shefali ametokea kijijini upande wa Murshidabad, nyumba ya watu wengi, ambako nyama ikipikwa minofu ilikuwa ya wanaume na mifupa ya wasichana, kwa hiyo amekua akiijua mifupa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, anaugonga mfupa kwenye ukingo wa sahani, anaufyonza uboho mpaka unatoa mlio, kisha anafumba macho kidogo, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa napenda kumtazama akifanya hivyo, naomba hapo uniamini.

Basi tukaletewa bosi mpya kutoka Delhi, Bwana Mehrotra, mtu mpole lakini wa mambo ya kisasa, na ofisi nzima ilijua kuna cheo kinatafutiwa mtu, akatualika mimi na Shefali tule naye pamoja na mkewe chakula cha mchana siku ya Jumapili katika mgahawa mmoja mkubwa wa michuzi kule Gariahat, wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliofunga vilemba. Shefali alifurahi kama mtoto wa sikukuu, akavaa sari yake ya hariri ya kijani, akaniuliza kwenye teksi, "Baba Mithu, wataleta mbuzi?" nikamjibu watamleta, na yeye akatazama dirishani huku akitabasamu.

Ikaja kosha mangsho, mchuzi mzito wa mbuzi uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, na luchi, vimikate vya kukaangwa vilivyofura, na kamba waliopikwa kwa tui, na akina Mehrotra wakashika uma na vijiko, nami nikashika kijiko ingawa nyumbani sijawahi kukishika kwa wali. Shefali alionja kwa vidole akaninong'oneza, "Mpishi huyu hakuviharakisha vitunguu," halafu akauona mfupa wenye uboho kwenye sahani yake, akaugonga mara mbili, akaufyonza, na mlio ukasikika mpaka meza ya jirani. Bibi Mehrotra akabaki na uma hewani. Hapo nikacheka kwa sauti nikasema, "Msimshangae mke wangu jamani, kwao mifupa walikuwa wanagombania na paka, na paka ndio walioshindwa!"

Bwana Mehrotra alicheka mpaka akapaliwa, mkewe akacheka huku amejifunika mdomo, akasema, "Shemeji, mbona unamwonea dada!" na Shefali naye akacheka, mshauri, alicheka pamoja nao, kisha akauweka mfupa pembeni, akajifuta vidole kimoja kimoja, akachukua kijiko, na mpaka tunaondoka alikula wali mtupu na dengu kidogo, na mhudumu alipoleta bakuli za maji ya uvuguvugu yenye limau ya kunawia, ya kwake hakuigusa.

Kwenye teksi nikamwambia, "Umeona bosi alivyofurahi?" akasema, "Ndiyo, amefurahi," na mimi nikaridhika na jibu hilo, mjinga mimi.

Sikugundua kitu kwa muda mrefu, alikuwa ananiandalia chakula kama kawaida, ila kila nikimwambia kaa tule ananiambia, "Wewe tangulia, kwanza nimalize jiko," na samaki akawa wa minofu mitupu na nyama ikawa ya kuku isiyo na mfupa, nikadhani amesikia habari za afya kwenye televisheni. Aliyenizindua ni muuza samaki wetu wa sokoni, Haru, nilipopita hapo akaniita mbele za watu, "Bwana, shemeji mgonjwa? Siku hizi haji kuchukua vichwa vyake vya samaki, namwekea mpaka vinaharibika!" Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mithu alipokuja likizo alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda jikoni, ameupa mlango mgongo, anakula peke yake, akaja sebuleni akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni mzaha mdogo tu nilioufanya mgahawani, mama yako ameuchukulia vibaya.

"Mzaha gani, Baba? Hebu useme na mimi nicheke."

Nikaanza kuusema, nikafika kwenye vidole vya mama yake na mfupa, kuumalizia nikashindwa.

"Samaki ilish anapopikwa humu ndani," akasema Mithu, "nani anayekutolea miba? Mtu mzima mwenye mvi, bado unatolewa miba kama mtoto! Ni vidole hivyo hivyo, Baba. Ndivyo ulivyowachekeshea watu."

Akaingia chumbani, na likizo yote akawa anakula jikoni na mama yake.

Nikaona nirekebishe, nikamnunulia sari, akashukuru akaiweka kabatini, kisha nikamrudisha mgahawa ule ule sisi wawili tu, nikaagiza mbuzi wa mifupa, nikaikamata mifupa kwa mikono yote miwili nikaiguguna kwa makelele, nikafyonza kama mwendawazimu ili aone kwamba sijali tena watu, na watu kweli wakawa wanatazama, naye amekaa wima anakula kwa uma na kijiko, taratibu, wali unamdondoka kwa sababu hajui, akaniambia tu, "Baba Mithu, unachafua shati." Tulipofika nyumbani nikamuuliza mpaka lini utaninunia, akanijibu bila hasira yoyote, na mimi ningependa angepiga kelele.

"Sijakununia. Siku ile nilicheka kwa sababu wote mlikuwa mnanitazama, ningefanya nini kingine? Ila sasa ukikaa mbele yangu, mkono wangu nauona kwa macho yenu, na chakula hakipiti. Nikiwa peke yangu kinapita. Basi. Na wewe kula, kinapoa."

Mshauri, kuna jambo ambalo hata Mithu halijui. Mzaha ule haukuniponyoka. Nilikuwa nao tayari tangu kwenye teksi, aliponiuliza habari za mbuzi nikaogopa atakula vile anavyokula, nikaanza kutafuta neno la kusema ili wajue mimi si wa huko kwao, na nilipolipata nikaliweka, nikawa nasubiri agonge mfupa. Yeye anatabasamu dirishani na mimi nimekaa pembeni yake nalo mdomoni.

Cheo nimekipata. Sasa Bwana Mehrotra anataka tukakisherehekee Jumapili ijayo pale pale, ameniambia, "Umlete shemeji, mke wangu kila siku anamuulizia yule mcheshi wetu!" Nilipomwambia Shefali akasema, "Nenda, waambie nina homa." Nimwambie bosi uongo huo? Nimbembeleze aje, nimwombe radhi mbele yao, ili waliocheka wasikie? Au niache mambo yapoe yenyewe? Nakula vizuri, mshauri, kila siku chakula cha moto kinanisubiri, na sijui kama nitawahi tena kumwona mke wangu akitafuna.

Mimi mume wa Behala.

JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu wa Behala,

Umeniomba karipio kwanza, nami sitakunyima. Mwanamke alivaa sari yake nzuri akaenda kula na mume wake, na mume wake alikuwa amekwenda kumuuza. Wewe ndiye uliyekaa kiti cha jirani yake, wewe ndiye uliyekuwa ukinong'onezwa habari za vitunguu. Wale wawili ni wageni tu, walicheka kwa sababu wewe uliwafungulia mlango. Usiwasingizie.

Nakuhurumia pia, nisikufiche. Wengi wanaoniandikia wangesema mke ana makuu, mzaha kidogo tu anauvuta miezi. Wewe umeona. Na la kwenye teksi ungeweza kulificha, hukulificha. Mtu wa namna hiyo hajaharibika kabisa.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mkeo "nisamehe", sikupaona. Nimeona sari. Nimeona nyama. Nimeona mtu mzima anaguguna mifupa hadharani mpaka anachafua shati, na mke wake aliyekuwa ametazamwa na watu mara moja akatazamwa tena mara ya pili kwa ajili ya mchezo wako. Halafu ukamuuliza atakununia mpaka lini, kana kwamba deni ni lake! Neno moja tu ndilo hujalitoa, na halikuhitaji mgahawa.

Sasa nisikilize. Homa hakuna. Bosi wako mwendee leo, huko huko ofisini, si mbele ya mkeo, usimfanye mtazamaji wa ujasiri wako. Mwambie hivi: mke wangu haji, kwa sababu mara ile nilimdhalilisha mbele yenu, na yule si mcheshi, nilimsingizia. Ataona haya, na wewe utaona haya. Vumilieni. Akikuona mtu wa ajabu, cheo si umeshakipata? Na sherehe ya Jumapili iahirishe, hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kushangilia mahali hapo.

Kumwomba radhi mezani kwao, futa kabisa wazo hilo. Unataka akae tena katikati ya macho yale yale, safari hii akusamehe huku wanamsubiri? Hapana. Mlimchekesha kwa nguvu, mtamsamehesha kwa nguvu?

La kwenye teksi mwambie. Najua unatamani nikwambie ulifiche, kwamba litamuumiza bure. Yeye amekaa na wewe miaka yote hiyo, pengine aliliona usoni mwako kabla hujalisema. Mwambie ulimwonea aibu, useme neno hilo hilo, aibu, usiseme "kama nilikukosea", usiseme "ulielewa vibaya". Ukimaliza, nyamaza. Usimuulize kama amekusamehe. Akikutukana, ulitamani kelele, basi umezipata.

Na kuna jambo gumu zaidi ambalo lazima ulikubali kabla hujafungua mdomo. Huenda akakusamehe na bado asile nawe. Mkono wake ni wake, koo ni lake. Ukimwomba radhi ili kesho arudi mezani, hujaomba radhi, umeagiza chakula. Mwombe kwa sababu ulimkosea, halafu kaa na lolote litakalokuja, hata likiwa ni kigoda chake na mgongo wake mpaka uzeeni.

Usingoje Jumapili, usingoje Mithu aje kukusindikiza. Leo akisema tangulia wewe, usitangulie. Acha chakula kipoe. Ingia jikoni, kaa chini sakafuni, chini kuliko alipokaa yeye, na uanze wewe kusema.