Mlinzi wa Ukurasa

Jumatatu, 5 Mei

Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Malori ya hapa mtaani Shimanzi yanatikisa dirisha la ofisi. Vumbi juu ya kibodi, chai imepoa. Hata hivyo nimemaliza. Mlinzi wangu yuko tayari.

Mlinzi ni jina nililompa mwenyewe. Ni JavaScript tu, mistari michache ya msimbo wa kompyuta iliyotiwa ndani ya ukurasa wa mtihani wa chuo. Kazi yake ni kuuliza. Anauliza visanduku vya majibu ni vingapi, kipi kimeguswa, kipi kimebandikwa maneno yaliyonakiliwa kwingine. Zaidi ya yote anauuliza ukurasa: uko mbele ya macho ya mtu, au umefunikwa? Mwanafunzi akitorokea ukurasa mwingine kusaka jibu, ukurasa wa mtihani unajibu kwamba umefunikwa, na mlinzi anaongeza moja. Mara ya kwanza anavumilia. Ya pili anapeleka jina.

Yote kimyakimya. Bosi wangu, Mwakio, hakutaka onyo litokee kwenye skrini. Alisema mwizi haambiwi kwamba ameonekana. Nilicheka. Najivunia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nimefika nyumbani Mji wa Kale magharibi ikiingia. Nimepanga chumba cha juu kwa Bi Shufaa. Simu yake ilikuwa juu ya friji ikiadhini kwa sauti ya kupasua masikio. Masikio yake mazito, na sauti ya msikiti haifiki jikoni, basi binti yake Rukia akamtilia adhana kwenye simu. Mimi Mkristo wa Kaloleni, mwaka wangu wa nne humu ndani. Zamani ilinishtua. Siku hizi siisikii.

Kesho Rukia ana mtihani wa uuguzi. Chuo ni hichohicho. Sijamwambia habari za mlinzi. Kazi ni kazi.

Jumanne, 6 Mei

Mtihani saa nane hadi saa kumi na moja. Baadhi chuoni kwenye kompyuta, baadhi nyumbani kwa simu zao. Mimi ofisini, macho kwenye namba. Sifuri. Sifuri. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba mlinzi amelala.

Nikashuka kununua viazi karai. Foleni, porojo, pilipili imekwisha, wakaipondaponda nyingine. Niliporudi, majina tisa.

Mwakio alinipiga bega kwa furaha, kama mtu aliyenasa panya tisa kwa mtego mmoja. Majina sikuyasoma. Nilisoma namba. Wote wametoka mara mbili. Hakuna wa tatu, hakuna wa tano. Mbili, mbili, mbili. Sikulipenda jambo hilo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeyasoma majina. La sita ni Rukia.

Nilijifungia choo cha ofisi. Hasira, si huruma. Mtoto huyu amesoma kwa sauti pale ngazini mwaka mzima, mpaka mimi nisiyetaka nimeijua mishipa ya moyo. Kumbe kelele tupu. Kumbe anajua kuiba.

Ningeweza kufuta mstari mmoja kabla ripoti haijaondoka. Sikufuta.

Usiku sikushuka jikoni kula nao kama kawaida.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao chuoni, Tudor, ghorofa ya tatu. Mkuu wa mitihani ni mama mtulivu, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Alisoma majina tisa polepole. Alipomaliza, kila mtu alikuwa ameshaona. Wote Waislamu.

Mwalimu mmoja akasema hawa wa Mji wa Kale wana kikundi chao cha simu, wamepeana mbinu, ndiyo maana namba zao zinalingana. Vichwa vikaitikia. Nikasema mlinzi hana dini. Nilikuwa na maana ya kuwatetea. Wakacheka, wakaona ninawaunga mkono. Sikuwasahihisha.

Watasikilizwa Jumatano ijayo. Wakipatikana na hatia watafukuzwa, na majina yao yatapelekwa vyuo vingine vya uuguzi visiwapokee. Rukia hajawahi kutaka kazi nyingine. Tangu nihamie hapa anampima mama yake presha kila Ijumaa, anaandika kwa kalamu nyekundu kama daktari.

Ijumaa, 9 Mei

Leo mama hakupimwa.

Rukia alipanda chumbani kwangu baada ya isha, macho yamevimba. Hajui mlinzi ni wa nani. Anaapa hakutoka kwenye ukurasa hata mara moja. Alifanya kwa simu ya mama yake kwa sababu yake imepasuka kioo. Aliiegemeza kwenye mto, akaigusa kwa kujibu tu.

"Dada Kadzo, wewe wazijua hizi kompyuta. Mashine yaweza kusema urongo?"

Nilimtazama usoni, nikamwambia haiwezi.

"Haya," akasema. Akashuka.

Nilimchukia kwa kujua kudanganya vizuri namna ile.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Maji yanashuka ngazi za nje.

Bi Shufaa amenipandishia mahamri na mbaazi kama kila Jumamosi. "Kula weye, mwanangu. Mwenzio yuwakataa." Rukia hajatia kitu tumboni tangu juzi. Mahamri yamepoa hapa mezani. 

Dukani pale pembeni mtu aliniuliza kama ni kweli, yule binti wa Bi Shufaa mwizi wa mitihani. Tayari. Nikachukua sabuni yangu nikaondoka, hata chenji nikaisahau.

Jumapili, 11 Mei



Kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Mbili, mbili, mbili. Wezi tisa hawawezi kuiba kwa kipimo kimoja. Kuna mwenye pupa, kuna mwoga. Nikarudi nikafungua kompyuta, nikausoma msimbo wangu kama kazi ya mtu nisiyempenda. Ndipo nikaona. Mlinzi anahesabu mara. Saa haandiki. Ukurasa ukimjibu umefunikwa, hasemi umefunikwa na nini, na mimi sikumfundisha kuuliza.

Nilimwomba Bi Shufaa simu yake, nikamwambia nataka kuisafisha. Nikafungua mtihani wa majaribio, nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi mezani jikoni. Saa nane. Yeye anakanda unga wa chapati. Mimi natazama. Sifuri. Saa tisa, sifuri. Nikapata faraja. Naiandika ili nisije nikajidanganya baadaye: nilifarijika. Rukia ni mwizi, mimi sikukosea.

Ilipopita saa tisa u nusu skrini nzima ikageuka kijani, picha ya msikiti, adhana ikalipuka. Bi Shufaa alinyoosha mkono wenye unga, akaisukuma ile picha pembeni kwa kidole kidogo, akaenda kutawadha. Hata hakuitazama. Ukimuuliza sasa hivi kama ameigusa simu atasema hapana, na atakuwa mkweli.

Mlinzi: moja.

Robo saa baadaye ikakumbusha tena, kijani kilekile. Niliiondoa mwenyewe.

Mlinzi: mbili.

Miaka minne nakaa na sauti ile. Nimemwekea mlinzi masikio ya Bi Shufaa.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimwonyesha Mwakio kabla hajavua koti la mvua. Alielewa haraka, si mjinga. Akainuka akafunga mlango.

Vyuo vingine viwili vimeshapiga simu, wanamtaka mlinzi. Tukikiri sasa, tumejimaliza. Tumrekebishe taratibu mwezi ujao, bila kelele. Nikauliza, na hawa tisa? Akasema watapona, ni vijana. Kisha, kwa upole kabisa, akanikumbusha aliyeandika ni nani.

Alikusudia kunitisha, na nimetishika. Nina kodi ya chumba, nina mama Kaloleni anayengoja fedha kila mwisho wa mwezi. Nimerudi kwa miguu hadi Mji wa Kale, mvua yote mwilini. Nilipita mlango wa jikoni bila kusalimia. Bi Shufaa aliniona, akaendelea kupika. 

Jumanne, 13 Mei

Nimewaambia. Jikoni, wote wawili, kabla ya chakula.

Nilianza na sehemu nyepesi, kwamba ni adhana iliyofunika ukurasa. Rukia alishika kifua, akacheka, akalia. Kisha nikasema sehemu iliyobaki.

Swali lake lilikuwa moja. "Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa wajua kuwa ni yako?"

Ndiyo.

Aliinuka, akaosha kikombe chake, akakipangusa, akakiweka kabatini. Akaingia chumbani kwake.

Bi Shufaa alikuwa hajasikia vizuri. Akanisogezea sikio. Ikabidi niseme tena, halafu tena kwa sauti zaidi, madirisha wazi, majirani wote wakiyasikia maneno yangu: "Ni mimi, Mama! Ni mimi niliyeiandika!"

 Akasema, "Na ulikula mezani pangu." 

Jumatano, 14 Mei

Nilikwenda kwenye kikao chuoni bila ruhusa ya Mwakio. Rukia alikuwepo na simu ya mama yake ndani ya mfuko wa plastiki, kama ushahidi wa mauaji. Hakunitazama.

Ilikuwa asubuhi, basi nikaisogeza saa ya simu mbele hadi alasiri. Adhana ikalia katikati ya kikao. Skrini kijani. Mlinzi, mbele ya macho yao: moja. Wenzake wanane wakatoa simu zao, programu ya adhana ileile. Hakuna aliyecheka safari hii. Mkuu wa mitihani alivaa miwani, akaivua.

Hawatafukuzwa. Watarudia mtihani Jumanne. Sharti: kila simu iondolewe chochote kinachoweza kuufunika ukurasa, na ibaki hivyo muda wote wa masomo.

Nikasema la, mwacheni mlinzi ndiye abadilike. Nitamfundisha aandike saa, na mtu asome kabla ya kuhukumu. Kazi ya siku moja. Mkuu akajibu kwamba programu imeshapitishwa na haitaguswa. Aliongea vizuri, kama anayemkataza mtoto kukaa karibu na jiko.

Yule mwalimu wa habari za kikundi hakuwaambia pole. Hakuna aliyewaambia. Nilipotoka nje ndipo nilipokumbuka kwamba hata mimi sikusema.

Alhamisi, 15 Mei

Nilijiandaa kufukuzwa. Mwakio amenikaribisha chai.

Amefurahi. Chuo kimembakiza mlinzi, hilo tu ndilo alilosikia. Sasa anataka awe na macho zaidi. Kamera iwake wakati wa mtihani. Ajue uso umegeukia wapi. Asikilize chumbani kama kuna anayeongea.

Nilimfikiria Bi Shufaa akiingia chumbani kwa binti yake na sahani ya chakula, akiongea kwa sauti yake kubwa. Nikamwambia Mwakio nitafikiri.

Jumamosi, 17 Mei

Mahamri hayakupandishwa.

Jumanne, 20 Mei

Mtihani wa marudio. Saa nane hadi saa kumi na moja, vilevile. Safari hii sikununua viazi. Saa tisa u nusu ikaja, ikapita. Saa kumi. Namba hazikutikisika.

Tisa. Wote sifuri.

Mwakio alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma, akaridhika. "Unaona? Sasa hawaibi tena."

Alikuwa ameona adhana ile kwa macho yake. Anajua kila kitu. Na bado ameshaliamini neno lake mwenyewe, nimemsikia alasiri hiihii akilisema kwenye simu, kwamba mlinzi amewanyoosha wanafunzi tisa.

Nimeacha ufunguo wa ofisi juu ya meza. Hakuuliza wa nini. Hana haja na mimi, mlinzi anabaki kwake.

Ijumaa, 30 Mei

Matokeo yametoka. Rukia amefaulu. Nimeambiwa na jirani.

Nilimwambia pole na hongera kwa pamoja, mlangoni, kama mtu asiyetofautisha msiba na harusi. Akasema ahsante. Siku hizi ananisalimia kwa jina tu. Anasema Kadzo. Ile Dada imeondoka.

Simu iko juu ya friji, kimya. Nilitaka kuirudishia adhana, Rukia akakataa. Ana mtihani mwingine baada ya miezi mitatu, na huwezi kujua kinachomtazama mtu. Amefunika hata kamera kwa kipande cha plasta ya jeraha. Wiki nzima iliyopita alasiri imempita Bi Shufaa akiwa hapohapo jikoni, anachambua mchele. Mara mbili nilimkuta analia, anadhani amezeeka akili.

Sina kazi. Nina muda. Saa tisa u nusu nakaa ngazini, kipandio cha juu, pale pasipo na kelele za jikoni. Siku ya kwanza nilishangaa jinsi sauti ile inavyofika wazi, kutoka msikiti wa karibu kwanza, kisha wa mbali.

Leo ilipoanza nilishuka, nikamgusa bega.

"Mama, alasiri."

Alipangusa mikono kwa leso, akaenda kutawadha. Alipofika mlangoni alisema nikipenda nimalizie mchele. Nimeumaliza, nikaufunika, nikarudi juu. Magharibi itaingia baada ya muda wa saa mbili hivi, nami nitakuwa ngazini.