Maua ya Njano ya Barabara ya Nakivale

Yaya wangu Furaha, dada yangu mkubwa,

Kaa chini kwanza, mfunge mtoto mgongoni, usome vizuri: mdogo wako Byamungu ana bahati kuliko batu bote wa kambi hii ya Nakivale. Nimepimwa macho kule Mbarara na nimeshinda foleni nzima. Muuguzi mwenyewe amesema macho ya namna hii hajawahi kuyaona. Karatasi ninayo, ina muhuri, nimeilaza ndani ya Biblia.

Huko wazima? Mgongo wa Mama umepoa? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Mimi ninakula, ninalala, ninacheka. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungenisikia sauti, na wewe unanijua mingi sana.

Najua habari ya yule ng'ombe imekufikia. Ni kweli nilimgonga na pikipiki, lakini polepole, kama mtu anayepiga hodi. Aliniangalia tu na zile pembe zake ndefu, akaenda zake. Ndipo mwenyekiti wa stendi yetu ya boda akasema nisibebe abiria wa kulipa mpaka nilete karatasi ya macho.

Yaya, laiti ungeona dunia kutoka juu ya pikipiki yangu! Milima ya huku haina kingo, inayeyuka mbinguni kama chumvi kwenye mchuzi. Ziwa huwezi kujua linaishia fasi gani. Watu wa mbali hawana nyuso, wana rangi tu, na wanaelea. Kule Mbarara kila taa inafunguka kama alizeti. Nilidhani kila mtu anaona hivyo.

Nilikwenda na jirani yangu Mama Neema, muuza mahindi, shemasi wa kanisa letu. Yeye aliingia kwanza. Sasa unajua sisi wakimbizi: mtu akitoka ndani ya ofisi yoyote, walio kwenye foleni wanamuuliza, "Wameuliza nini?" Intaviu za kuomba hifadhi zimetufunza hivyo. Jibu moja baya, faili lako linalala. Nami niliogopa wataninyang'anya pikipiki. Mama Neema akatoka ameshindwa tangu mstari wa tatu. Nyuma yake akatoka mwanajeshi mmoja wa Uganda, anacheka, amesoma yote.

"Afande, mstari ya chini kabisa inasema nini?" nikamuuliza.

"Wewe nataka kuiba mtihani ya macho?" Alisema kwa Kiswahili chao cha Uganda, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini akanipa: ni alama yenye meno matatu, unasema tu meno yanaangalia wapi. Juu, kulia, chini, chini, kushoto. Akanipa mistari yote. Nikaitia sauti ya kwaya, nikaishika.

Ndani, ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa. Nikaimba.

"Wewe naona mpaka chini?" muuguzi akashangaa. "Macho yako iko ya tai! Kwenda, ita mwingine."

Mama Neema akapewa miwani, malineti makubwa kama ya waziri. Jioni tuliposhuka kwenye taksi nikachukua pikipiki yangu niliyoiacha stendi, nikampakia. Jua lilikuwa linashuka, na mbele yangu kando ya barabara yalichanua maua ya njano, mengi, yanayumba taratibu. Nikasogea kuyapita karibu, jinsi yalivyopendeza.

"Byamungu, simama! Batu!"

"Ni maua, Mama."

"Maua gani? Wanawake na mabidoni ya njano ya maji kichwani! Simama!"

Nikakamata breki, tukateleza, tairi likasimama miguuni pa msichana mmoja. Wenzake wakanitukana vizuri sana: "Kipofu wewe! Mke anatafutwa kwa pikipiki?"

Mama Neema akavua miwani yake, akanivika. Haikunikaa sawasawa, lakini ilitosha. Yaya, miti ina majani moja moja! Mlima una ukingo. Na msichana alikuwa na uso, na midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Pikipiki niliisukuma mpaka nyumbani. Njiani Mama Neema akaniambia, "Ile haikuwa intaviu, mwanangu. Pale anayeshindwa ndiye anayepewa."

Nisalimie Mama, umwambie asiulize mingi. Nisalimie shemeji mkoromaji, na yule mzee fundi aliyenifunza kupanda baiskeli, umwambie sasa najua kwa nini nilikuwa naangukia kila mtaro. Mbusu mtoto mashavu yote mawili. Alhamisi narudi Mbarara, na safari hii sitaimba.

Nawakumbatia bila kumbagua hata mmoja,

Mdogo wako Byamungu

Yaya, karatasi ya muhuri nimeichana na funguo za pikipiki ziko kwa mwenyekiti. Sikushinda kitu. Sioni.