Kahawa ya Safu ya Juu

Amman, 4 Machi 1986

Binti yangu Rudaina,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Akaba? Mimi mzima, ila magoti yananigombeza.

Kila alasiri napanda ngazi za mawe za ule ukumbi wa kale wa Warumi, hadi safu ya juu kabisa, pale petu. Barabarani mabasi yanapiga honi, mawe yamelala tu juani, nami husinzia. Jana nilikusikia, ungali mtoto, umesimama chini kwenye lile jiwe la katikati, ambalo hata mnong'ono wake hufika juu, unaninong'oneza: “Baba, wanisikia?” Nikaitikia kwa sauti. Watalii wakacheka.

Njoo, mwanangu. Nimekukumbuka.

Baba yako


Akaba, 20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto anaota meno.

Nami huyaota yale mawe. Lakini nitakujaje? Muflih alipokuja kuniposa alikiweka kikombe chini bila kukionja, kama desturi inavyomtaka aombaye, akingoja useme, “Kunywa kahawa yako,” yaani ombi limekubaliwa. Hukusema. Ikapoa mbele ya wazee wake, wakaondoka, na ami ndiye aliyeniozesha. Mlango uliomkataa mume wangu, mimi siuingii.

Mwanao


Amman, 7 Aprili

Rudaina,

Salamu kwenu, na kwa meno ya mjukuu wangu. Una kichwa kigumu. Sijui umemrithi nani.

Mwambie huyo Muflih wako: kila Ijumaa baada ya sala nitakuwa ukumbini na birika. Nitamimina kikombe, nikiweke mbele yangu, wala sitakigusa. Maana yake anaijua.

Baba


Amman, 2 Mei

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, magoti nimeyasahau.

Ijumaa zilipita, kahawa naimwaga, mlinzi ananitania: “Mzee, unawanywesha Warumi?” Leo nilikuwa nimesinzia. Jua, honi, njiwa. Nikasikia sauti ya mwanamume, taratibu, kama yuko begani pangu: “Kunywa kahawa yako, baba.”

Nikafumbua macho. Safu nzima tupu. Kule chini, juu ya jiwe letu, amesimama Muflih na begi lake la safari. Nilidhani bado naota mpaka alipoinua mkono. Pa kusimama umemwonyesha wewe, nani mwingine?

Ilishapoa, Rudaina. Nimeinywa yote, na machicha yake. Nimelia, wala sioni haya kukuambia.

Sasa amelala chumbani kwako, anakoroma. Njoo kabla ya Ramadhani, umsimamishe mtoto juu ya lile jiwe. Mimi nitakuwa juu, nasikiliza.

Baba yako