Picha ya jikoni

Jumanne, Kigera

Bila mimi ukoo huu ungeshasambaa kama dagaa waliomwagika. Mamba wa Kibara nilikuwaga nawafukuza kwa kandambili.

Sasa Nyangeta, binti wa kaka, anachora vyumba vya nyumba yetu. Sebuleni kachora kiti changu kitupu. Mimi kaniweka jikoni, nimekumbatia sufuria, nakwangua ukoko wa ugali! Na Jumamosi wakwe wanakuja, msemaji wa ukoo ni mimi. Mwanaume wa kwetu, jikoni?

"Nihamishie sebuleni," nikamwambia.

"Baba mdogo, huko sijawahi kukuona."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, kisha akaitundika picha hiyo ya jikoni sebuleni, juu ya kiti changu.

Nimekasirika sana. Ila niliposogea kuikagua, ule ukoko... mate yalinijaa mdomoni.