Mwanya wa Mama Yako

Mujukuu wangu Safi,

Huku Kisangani tuko wazima. Picha ya meno ya mama yako imefika, vile yatakavyokuwa akivaa ile plastiki ya kunyoosha meno unayochora kwa ordinateri, ile kompyuta yako. Vile vinundu utakavyobandika kwenye meno ili plastiki iyashike, bado sivielewi. Unaniuliza kama mwanya wake ufungwe.

Bon. Nikiwa kijana nilishuka treni Ubundu kutafuta shangazi nisiyemujua sura. Nikasalimia wanawake wote pale gare, mpaka mumoja akacheka. Nikaona mwanya wetu, nikamufuata nyumbani.

Sasa ordinateri inauona ni kosa. Labda iko kweli, mimi sijui. Lakini tangu aone hiyo picha uliyotuma, mama yako anacheka akifunika mdomo. Zamani hakufunika.

Koko wako