Memori moja imekwenda wapi

Zuleikha, leo nimeadhirika.

Khelef, yule fundi wa Michenzani, si alinitilia memori mbili za GB nane nane kwenye kompyuta yangu wiki iliyopita? Leo kompyuta inasoma nane tu.

Nikaibeba, nikamfuata dukani. Mbele za watu nikamwita mwizi, nikamwambia ashike msahafu aape. Msahafu, Zuleikha.

Hakuapa. Akaifungua kompyuta, akanionesha nafasi moja ya memori tupu. "Bi Hamda, nani mwengine ameifungua?"

Nikarudi nyumbani, nikafungua kompyuta ya Mansour. Memori yangu imo, na ile alama ya rangi ya kucha anayotia Khelef.

Mansour, mume wangu, ananiambia, "Kwani si nyumba moja?"

Nyumba moja.

Fundi nimemtaka aape. Huyu miaka tisa nnamwamini bila ya kiapo.