Wimbo Tuliomwimbia Harerimana

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika tangu asubuhi na joto limerudi. Nimeoga mara mbili, lakini harufu ya klorini haijanitoka mikononi.

Leo tumemzika mtoto.

Ukipita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni nesi, mtu wa Njombe, niliyepangiwa kazi Kigoma. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuletwa na meli, nimehamishiwa kwenye mahema ya uwanja wa mpira, wanapopumzika kabla ya kupanda mabasi ya kwenda kambini. Wengi wanashuka wakiwa wanaharisha. Tunafunga dripu kwenye kamba za hema, tunakoroga maji ya chumvi na sukari, na wengi wanapona.

Mtoto wa Goreth hakupona.

Alizaliwa njiani, huko milimani, mama yake akiwa anakimbilia ziwani. Baba mtu walipotezana naye kabla ya mpaka, na Goreth hakutaka kumpa mtoto jina. Alisema baba yake atafika, atampa yeye. Jana mchana mtoto aliacha kunyonya. Jioni akaacha kulia. Alikuwa mikononi mwangu.

Tangu hapo sijaomba. Nilipiga magoti kitandani nikakosa la kumwambia Mungu, nikainuka.

Asubuhi tulikwenda makaburini watatu: Goreth, mimi, na Mzee Bakari, dereva wetu. Mzee Bakari ni Muha wa Ujiji, Mwislamu, na Kiha chake kinasikilizana na Kirundi, kwa hiyo ndiye aliyetutafsiria. Mchungaji tuliyemtegemea alikuwa ameitwa kwenye mazishi mengine. Wachimbaji walikuwa wameshamaliza, wamekaa kando wakitusubiri. Goreth alisimama na mtoto begani kama mtu anayembembeleza alale, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Kisha akasema neno moja.

"Harerimana."

"Amempa jina," Mzee Bakari aliniambia kwa sauti ya chini. "Maana yake, Mungu ndiye anayelea."

Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza mtu yeyote aliyekuwa karibu: amemlea wapi? Lini? Maisha yake yote yameishia njiani. Lakini Goreth alikuwa ameanza kuimba, na mimi tuni ile niliijua.

Ni wimbo wa shule ya Jumapili. Kwetu tuliuimba kwa Kiswahili, tukimwomba Mungu atulee hadi mwisho wa njia. Nimeuimba kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye sikukuu ya mavuno, mara nyingi nikiwaza chakula cha mchana. Siku zote, licha ya maneno yake, niliudhani ni wimbo wa shukrani, wimbo wa mtu aliyeshiba mgongoni kwa mama yake.

Leo nimesikia kwamba ni ombi. Goreth hakuwa anashukuru. Alikuwa amefika mahali ambapo mikono yake haiwezi tena, akawa anakabidhi.

Nikaingia na mimi. Yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kiswahili. Kwenye ubeti wa pili sauti yangu ilikatika, yeye akaendelea. Mzee Bakari alikuwa amefungua viganja vyake akiomba dua. Wimbo ulipoisha, Goreth alimtoa mtoto begani, akampa mzee, na mzee akainama akamlaza kaburini. Goreth akatupia udongo wa kwanza kwa mkono wake.

Tulipokuwa tunarudi, Goreth alinigeukia ndani ya gari. Kiswahili chake ni kidogo, lakini hakusubiri kutafsiriwa.

"Muganga, uko na mtoto?"

Nikasema ndiyo, wa kiume, anaitwa Yona. Yuko Njombe kwa mama yangu. Nilimwacha mara tu alipoacha ziwa, kwa sababu kazi niliyoipata ilikuwa huku. Halafu nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Kigoma: Yona anamwita mama yangu "mama". Mimi, nikipiga simu, ananiita anti.

Sijui alielewa kiasi gani. Aliweka mkono wake gotini kwangu, mkono ule ule wenye udongo wa kaburi.

"Mungu amulee naye," akasema.

Mtu aliyetoka kumzika wake, akamwombea wangu.

Nililia hadi tulipofika uwanjani. Mzee Bakari alipunguza mwendo. Tuliposhuka alimwahidi Goreth kwamba akipita kwenda Mwandiga atakuwa anasimama makaburini, anang'oa majani. Kesho Goreth anapandishwa basi la kambini. Kaburi linabaki nasi.

Nimempigia mama yangu kabla ya kuandika haya. Kwa miaka hii yote nimemwonea wivu, na sikuwahi kumwambia asante kwa kunilelea Yona. Leo nimemwambia. Akaniuliza kama ninaumwa.

Baada ya simu nimeuimba ule wimbo taratibu, peke yangu, nikiwataja Yona na Harerimana. Siwezi kusema imani yangu imerudi. Alfajiri meli nyingine inatia nanga na mimi niko zamu.

Ninachojiuliza ni hiki: je, ninamwamini huyu ninayemwimbia, au nimekosa tu mwingine wa kumkabidhi watoto hawa?